Hasidi Hakuwa wa Bibi

Juzi tena. Mgeni kafungua kitabu changu cha kumbukumbu, nilichohifadhia kanga ya bibi na vitu vingine vya sanduku la familia, kafika kwenye ukurasa wa kanga, kasoma "Hasidi hana sababu", kacheka: "Kumbe bibi yako alikuwa na vita na majirani!" Sijui huyu ni wa ngapi.

Kanga ile ilikuwa sare ya harusi. Ukumbi mzima ulivaa hasidi mmoja. Bibi hakuichagua, alitajiwa bei, akalipa, akavaa. Wanawake hupashana kwa majina ya kanga, yale maneno yaliyochapwa juu yake, sikatai, na wapo wanaonunua doti kwa ajili ya jina tu. Lakini majina yenyewe hutungwa ili kanga iuzike. Tangu Kaderdina Hajee Essak aanze biashara Mombasa mwaka 1887, na ile alama yake ya "Mali ya Abdulla", kanga ni bidhaa ya dukani kabla haijawa siri ya mtu. Na kisutu, kanga ya harusi, kwa kawaida hakina jina. Mbona hapo hakuna anayesema bibi alikuwa bubu?

Ninachotaka usome ni pindo. Kona moja imesokotana, nyuzi zimelegea: hapo ndipo pesa ya sokoni ilipofungwa na kufunguliwa miaka nenda rudi. Kwenye mji, ile sehemu ya kati ya kanga, kitambaa kimechakaa hadi unaona kidole upande wa pili. Ndiyo maana sikufua, sikupiga pasi, wala sikugusa gundi ya mbao, maana ikikauka kanga huwa ubao na haibanduki tena. Nimeshona kwa uzi uliopakwa nta, mishono mikubwa, atakayetaka kufumua afumue. Kijaluba cha tambuu na kitana nimevichongea vishimo kwenye karatasi nene, basi.

Doti ni vipande viwili. Cha pili hakikuwamo sandukuni, nami nimeacha ukurasa mtupu. Watu hudhani nimesahau.

Kuna jambo moja linaninyima usingizi. Mama anasema sanduku lile lilipita mikononi mwa wanawake watatu. Fundo la pesa huenda ni la shangazi, nami pembeni ya ukurasa niliandika kwa penseli "fundo la bibi". Nimefuta neno "bibi", nikaliandika tena, nikafuta. Karatasi pale imeanza kutoboka.