Je, wajua kwa nini vyumba vya nyumba za kale za Lamu ni vyembamba vile?

Ukiingia nyumba ya mawe ya zamani pale Mji Mkongwe wa Lamu, utasifia mlango wa nakshi kwanza halafu umbo la chumba likuchanganye. Kirefu kama korido, upana kiduchu. Mimi nilipima kwa miguu, upana hatua nne nikagonga ukuta, urefu nikapita kumi na bado naenda. Na hawa walikuwa matajiri wa karne ya 18 bana, wenye sahani za Kichina kwenye zidaka (vishubaka vya ukutani), ndio walale koridoni?

Jibu langu la miaka yote lilikuwa ardhi finyu, si unaona vichochoro vyenyewe punda wawili wanapishana kwa taabu. Bovu kabisa. Mwenye uhaba wa ardhi haachi kiwanda katikati ya nyumba (kiwanda cha kule ni ua wa ndani, msije mkafikiria sabuni). Nikahamia kwenye sitara, kwamba ni kuficha wenye nyumba wasionwe na wageni. Hapo nilikuwa nusu sahihi, maana sitara inaeleza ule mpangilio, kwamba unaanzia daka (baraza ya mlangoni), unapita kiwanda, misana (vyumba virefu vinavyofuatana), ndio ufike ndani kabisa, lakini upana haiuelezi, chumba cha mita sita nacho kinasitiri tu. Nikasema basi, miti ya mikoko iliyobeba dari ni mifupi. Kumbe mkoko ukiachwa ukue unaweza kupita mita 20!

Kesi yenyewe iko juu, kwenye dari. Boriti za mikoko zinalazwa kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake vipande vya mawe ya matumbawe, halafu kokoto na chokaa inapondwa mpaka ishikane, unene unapita shubiri. Ni kama kubeba ukuta uliolazwa chali.

Sasa chukua ubao wa kuvukia mtaro. Mtaro mwembamba unapita na gunia begani, ubao hata hauna habari. Peleka ubao uleule kwenye mtaro wenye upana mara mbili, unaanza kunesa hata kabla hujafika katikati. Na kunesa hakuongezeki mara mbili: kama mzigo umetandazwa sawasawa juu ya boriti nzima kama hiyo chokaa, ukizidisha nafasi kati ya kuta mara mbili kupinda kunapanda mara 16. Wewe kwenye ubao unavuka unaondoka, chokaa haishuki usiku wala mchana, na mti uliobebeshwa miaka unazidi kulegea polepole. Kwa hiyo kwa unene wa boriti za kawaida mafundi wakaishia kwenye mita 2.5 hadi 3 hivi, zaidi ya hapo unatafuta balaa.

Urefu je? Urefu ni bure. Boriti zinapangwa ubavu kwa ubavu kama meno ya kitana, ukitaka chumba kirefu unaongeza meno, hakuna hata moja inayobeba zaidi ya jirani yake. Ndio maana chumba kinakua upande mmoja tu.

Sio kwamba hawakuwa na ujanja mwingine. Misikiti mingi ya kale ya mwambao imejaa nguzo humo ndani, na Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani una makuba ya mawe. Ila nguzo katikati ya chumba cha kulala, mmh. Kuhusu zidaka za ukuta wa mwisho kila mtu ana lake, wengine wanasema zinafanya chumba kionekane kirefu zaidi, wengine ni za kuonyeshea vyombo tu, mimi naona vyote vinaweza kuwa kweli.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba boriti hizohizo zilipakiwa majahazini, zikasukumwa na kusi hadi Ghuba, ambako miti ya kujengea ni adimu. Ukienda Kuwait kwenye nyumba za zamani, maili elfu kadhaa kutoka Lamu, vyumba navyo ni virefu na vyembamba, vimekatwa kwa kipimo cha boriti ya mkoko.