Je, wajua kwa nini uwanja wa mbio uliokufa hufufuliwa kwa magari ya zamani?

Kwenye gereji moja ya Unga Limited hapa Arusha kuna Peugeot 404 nyeupe iliyopandishwa juu ya magogo, magurudumu ya mbele yametolewa. Juzi nilimkuta fundi wake, mzee wa miaka sabini na kitu, ameketi kwenye kiti cha gari lingine akiwa na dramu ya breki mapajani, lile duara la chuma linalozunguka na gurudumu. Tukaamkiana, kisha akaushika mkono wangu na kuuingiza ndani ya ile dramu nipapase. Chuma kilikuwa na mikwaruzo ya duara, mingi na myembamba.

"Hii imeungua, mwanangu," akasema. "Ikishika moto inatanuka, inavikimbia vile vipande vinavyoisugua ndani. Unakanyaga breki mpaka chini, gari halina habari na wewe."

Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa pembeni akiangalia video kwenye simu: magari ya kizamani yanafukuzana kwenye uwanja wa Goodwood, kusini mwa Uingereza, na watazamaji wamevaa kama babu zao. Akauliza, "Sasa mzee, hawa wana hela zote hizi, uwanja wameufufua, kwa nini wasilete magari mapya yanayokimbia kweli?"

Jibu lilikuwa mapajani mwa mzee. Lakini tuanze na uwanja wenyewe.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Goodwood palikuwa na kiwanja cha ndege za kivita, na kiwanja hicho kilizungukwa na barabara ya lami. Vita vilipokwisha, mwenye ardhi ile, Duke wa Richmond (cheo cha ukabaila wa Kiingereza), aliyekuwa dereva wa mbio, aliona barabara ile inafaa magari. Septemba 18, 1948 mashindano yakaanza kwenye mzunguko wa karibu kilomita 3.8. Pembeni palikuwa na nyasi na tuta la udongo, basi.

Kwa magari ya wakati ule, hiyo ilitosha. Tatizo ni kwamba uwanja ulibaki palepale, magari yakaendelea kukua. Gari likienda kilomita 60 kwa saa huhitaji umbali fulani ili lisimame kwa breki. Ukifikisha 120, umbali huo hauwi mara mbili, unakuwa mara nne. Kwa hiyo nyasi zilizomwokoa dereva wa 1948 zilikuwa fupi mno kwa dereva wa miaka ya 1960. Na mwaka 1966, injini zilizoruhusiwa kwenye Formula 1 zikapandishwa kutoka lita 1.5 hadi lita 3.

Mwaka huohuo mwenye uwanja akafunga mashindano. Angeweza kuongeza vikona vya kupunguza mwendo, lakini hakutaka kuuharibu uwanja wake. Mimi naamini aliamua vyema, na kilichotokea baadaye kinaniuma kila nikikikumbuka. Uwanja uliendelea kutumika kwa majaribio, na Juni 2, 1970 Bruce McLaren, dereva na mtengenezaji wa magari ya mbio kutoka New Zealand, alikuwa akijaribu gari lake jipya hapo. Sehemu ya bodi ya nyuma ikachomoka, gari likapoteza mshiko, likatoka nje na kugonga kituo cha waashiria bendera. Alifariki akiwa na miaka 32 tu.

Mbio ziliporudi Goodwood, Septemba 18, 1998, miaka 50 kamili tangu siku ya kwanza, mjukuu wa yule Duke alikuwa ameurudisha uwanja ulivyokuwa. Kwenye tamasha lake kubwa la kila Septemba, magari yanayoshindana ni ya aina zilizokuwepo kati ya 1948 na 1966. Wengi hudhani ni mapenzi ya vitu vya kale tu. Mapenzi yapo, ila kuna hesabu ndani yake: matairi membamba na injini za enzi zile zinarudisha mwendo karibu na ule ambao uwanja ulijengwa kuubeba. Hatari haikuondoka, maana chuma ni chuma. Ila kona zimepata tena magari ya saizi yake.

Hapa kwetu uwanja wa mbio ulikuwa barabara yenyewe. Mashindano ya magari yaitwayo Safari yalianza 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye zilifika karibu kilomita 5,000 za vumbi na matope ya masika, barabara ziko wazi, ng'ombe na mabasi wanapita. Mwaka 1963 walimaliza magari saba tu. Mwaka 1966 na 1967 alishinda mkazi wa Dar es Salaam, Bert Shankland, kwa Peugeot 404, aina ileile ya gari lililo juu ya magogo pale Unga Limited. Katika miaka ya 1970 Safari ikabaki Kenya peke yake, na mwaka 1977 mpaka wenyewe wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983.

Safari nayo imefufuliwa, kwa njia mbili. Ile ya ubingwa wa dunia, iliyokatika baada ya 2002, ilirudi 2021 huko Naivasha. Magari ni mapya na yana kasi ya kutisha, kwa hiyo uwanja ndio uliokatwa: vipande vilivyofungwa, jumla kama kilomita 320 mwaka ule iliporudi. Njia ya pili ni Safari ya magari ya kale, iliyoanza 2003. Hiyo bado hutembea maelfu ya kilomita, na imewahi kuvuka mpaka ikaingia Arusha. Mimi ningechagua hii ya pili bila kusita, kwa sababu ndiyo iliyowahi kutufikia huku.

Nilimuuliza mzee kwa nini asifunge breki za diski za gari jipya, amalize kazi.

"Mwenye gari anataka kwenda nalo kwenye mbio za magari ya kale," akasema. "Wakaguzi watafungua gurudumu waangalie. Wakikuta diski, wanamrudisha nyumbani."

Akaifunga dramu ndani ya gunia, akamkabidhi yule kijana wa bodaboda aipeleke kwa mkereza vyuma.

"Mwambie aondoe mikwaruzo tu, asiile sana. Nyingine sina."