Kinachopendeza ndani ya nyumba za kale za Lamu

Wateja wengi huniletea picha za sebule: kochi la kijivu, taa za darini, jipsamu iliyokatwa kwa mawimbi. Huzitazama kwa makini, kisha nawauliza yale ambayo picha haionyeshi. Saa nane mchana chumba hicho kina joto gani? Mgeni akipiga hodi anaona nini? Kazi yangu ni kupanga nyumba kwa ndani, na majibu yaliyoniridhisha zaidi nimeyakuta Lamu, katika nyumba za mawe za karne ya 18.

Nje kuna daka, yaani ukumbi wa mlangoni, na baraza za mawe kulia na kushoto kwa ajili ya wanaokuja kuzungumza. Ukivuka mlango unaingia tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, na hapo njia inakunja kona kabla ya kufika kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu. Mpita njia hawaoni wenyeji hata mlango ukiwa wazi. Baada ya kiwanda vyumba vinafuatana kimoja nyuma ya kingine: msana wa tini (ukumbi wa chini), msana wa yuu (ukumbi wa juu), halafu chumba kiitwacho ndani. Kila ukisogea unapanda kidogo, kelele za mtaa zinafifia na mwanga unapoa.

Vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu ya dari. Sakafu ya juu hubebwa na boriti za mikoko, nazo haziwezi kuvuka nafasi inayozidi mita 3 hivi. Fundi alikikubali kipimo hicho, akaziacha boriti zionekane. Kwangu mimi mistari ile ya boriti inashinda dari yoyote ya bandia.

Lakini uzuri wenyewe uko kwenye zidaka. Ukuta wa mwisho, kule ndani, umejaa safu za vishubaka vya chokaa iliyochongwa, ambamo watu waliweka sahani na bakuli za kaure kutoka China. Mwanga unaofika pale umetoka kiwandani na kupita misana miwili, kwa hiyo ni mchache na unaingia kwa ubavu. Kila mchongo unatupa kivuli chembamba, na ukuta mzito unaonekana mwepesi, kana kwamba nyuma yake kuna nafasi nyingine. Siku hizi zidaka zinaigwa kwenye sebule nyingi, kisha zinafungiwa taa kali ndani yake. Naumia nikiona hivyo, maana taa inafuta kivuli, na kivuli ndicho kilichochongewa.

Hata chooni kulifikiriwa. Ndani ya birika, yaani tangi la kuhifadhia maji, waliwekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na chini kabisa likajengewa bakuli la kaure ili maji yakipungua samaki wapate pa kubaki hai.

Unayekarabati nyumba ya namna hii, nakusihi ubaki na chokaa. Kuta za matumbawe, nene karibu nusu mita, hufyonza unyevu na kuutoa. Ukizipiga saruji na rangi ya mafuta, unyevu hunaswa humo humo, plasta huvimba na kubanduka, na michongo huondoka nayo.