Springi za valvu za boti ya kasi: pima kwanza, nunua baadaye

Mwezi uliopita mteja mmoja alinijia hapa Mtwapa na kisanduku cha springi za valvu, zile zinazoirudisha valvu ijifunge, plastiki haijatolewa. Boti yake ina V8 ya Chevrolet ya inchi za ujazo 502, yaani lita 8.2, na alikuwa amekwisha kununua kemshafti, shafti yenye nundu za kufungulia valvu, kali kuliko ile iliyokuja na injini. "Fundi, hizi ni za mashindano, wewe zifunge tu." Ni kweli zilikuwa za mashindano, lakini ya magari yanayokimbia robo maili na kuzima. Nikamrudishia kisanduku, tukaagiza kahawa.

Gari la namna hiyo hufanya kazi sekunde chache, kisha fundi anafungua kifuniko na kukagua springi, na akitaka anabadilisha. Boti haina mteremko wa kupumzikia. Ukishafungulia mafuta kule nje ya mwamba, injini inapanda kilima kisichokwisha. Kwa mizunguko 5,000 kwa dakika, kemshafti inazunguka nusu yake, hivyo kila valvu inafunguka mara 2,500 kila dakika. Mwendo wa saa tatu ni mara 450,000, huku chumba cha injini kimefungwa na joto limejaa.

Halafu kuna wimbi. Boti ikiruka, rafadha inatoka majini, mzigo unaondoka ghafla na injini inapaa kwa kelele ambayo kila nahodha wa boti za kasi anaijua. Hapo ndipo springi dhaifu inapoumbuka: valvu inashindwa kufuata nundu ya kemshafti, inaelea, inarudi kwa kishindo na kudunda kwenye kiti chake. Siku mbaya inakutana na pistoni. Kwenye mashindano ya boti za kasi ya Class 1 wanakaa wawili, mmoja ana usukani na mwenzake ana mafuta tu, na kazi kubwa ya huyu wa pili ni kupunguza mafuta boti inapoacha maji. Mteja wangu hana mtu huyo. Ana shemeji yake aliyeshika nanga. Kwa hiyo tuliweka kikomo cha mizunguko kwenye mfumo wa moto, 5,600, na nikachagua springi ya kutawala valvu mpaka juu kidogo ya hapo. Huwa naanza na namba hiyo. Ukishajua injini haitavuka wapi, nusu ya maswali imejijibu.

"Sasa si tuweke ngumu kabisa tuwe salama?" Hapana. Kila ratili ya ziada inabebwa na nundu pamoja na tapeti, pushi rodi na roka zinazopeleka msukumo wake hadi kwenye valvu, kwa saa zote hizo. Kama kemshafti ni ya tapeti bapa, zinazosugua nundu moja kwa moja, springi kali huila nundu mpaka inakuwa duara. Kwa hizo sipendi kuvuka kama ratili 130 valvu ikiwa imefungwa, na wakati wa kuizoesha kazi kemshafti mpya, kama springi ni mbili moja ndani ya nyingine, naitoa kwanza ile ya ndani. Tapeti za roli za haidroliki, zenye gurudumu chini na mafuta ndani, kama alizonunua yeye, zinavumilia zaidi, lakini ukizidisha springi inazibonyeza na kuyakamua mafuta yake, na mwinuko uliolipia unapungua. Springi za kisanduku chake zilikuwa za tapeti ngumu za roli, zisizo na mafuta ndani, zaidi ya ratili 200 valvu ikiwa imefungwa. Tapeti zake zisingemaliza msimu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Nundu ya kemshafti yake inainua inchi 0.353, roka za injini hii zinazidisha mara 1.7, tunapata inchi 0.600 kwenye valvu. Springi niliyochagua ina ratili 145 ikiwa imekaa kwa urefu wa inchi 1.900, yaani valvu imefungwa, na kila inchi ya kuibana inaongeza ratili 400. Kwa hiyo valvu ikiwa wazi kabisa ni 145 na 240, jumla 385. Urefu uliobaki ni inchi 1.300. Springi hiyo inashikana, koili juu ya koili, kwenye 1.220, kwa hiyo kuna nafasi ya 0.080. Mimi sishuki chini ya 0.060. Nafasi kubwa mno nayo siipendi, maana koili zinapata uwanja wa kucheza zenyewe kwa zenyewe.

Mafundi wengi hufika hapo wakafunga. Lakini ile 1.900 ni ya kwenye karatasi. Vichwa vya injini hii vilikuwa vimeshakatwa viti na kusagwa valvu mara mbili, na kila ukisaga, valvu inazama na shina lake linachomoza juu zaidi. Nilipopima kwa maikromita ya springi, valvu ya eksozi ya silinda ya 6 ilikuwa na inchi 1.945. Ile 0.045 ni ratili 18 zimepotea: badala ya 145 unapata 127. Tuliweka washa mbili za chuma chini yake, 0.015 na 0.030, ikarudi mahali pake. Zote 16 zilipimwa moja moja, na hakuna zilizolingana. Ukiwa hapo hapo, angalia pia kofia ya springi, ile inayoishikiza kwenye shina la valvu, isije ikagonga sili ya valvu inapofika chini. Inachukua dakika moja.

Kuhusu umbo. Springi moja iliyochongoka juu kama mzinga wa nyuki ni nyepesi, kofia yake ni ndogo, na koili zake zisizolingana upana hutuliza mtetemo vizuri. Kwa gari ningeichukua bila kufikiri. Kwa boti inayokwenda maili 30 nje, nachukua springi mbili, moja ndani ya nyingine, zimesokotwa pande tofauti ili koili zisiingiane. Ya nje ikikatika, ya ndani bado inaishikilia valvu isidondoke ndani ya silinda. Utarudi nyumbani kwa silinda saba, unakohoakohoa, lakini utarudi. Nimeshavutwa kwa kamba mara moja kutoka huko nje wakati wa kusi, na sihitaji mara ya pili.

Chumvi ndiyo inayoniudhi kuliko yote. Springi haikatiki kwa sababu imechoka tu; mara nyingi imeanzia kwenye kidoa cha kutu kisichozidi ncha ya sindano. Waya ule umebanwa na kuachiwa mamilioni ya mara, na ufa unaanzia penye kidoa. Kwa hiyo springi yenye vidoa siisafishi kwa brashi ya waya, naitupa, hata kama mkazo wake uko sawa. Iliyochubuliwa na bisibisi wakati wa kufunga nayo inakwenda huko huko. Boti ikilala miezi ya kusi, funga midomo ya eksozi, mwagia springi mafuta, na kila baada ya wiki mbili izungushe injini kwa mkono kidogo zisibaki zilezile zimebanwa.

Baada ya saa 50 mteja alirudi kama tulivyokubaliana. Nikapima mkazo bila kufungua vichwa. Springi 15 zilikuwa zimeshuka ratili tano au sita, jambo la kawaida springi mpya zikishapata joto. Moja, ya valvu ya inteki (ya kuingiza hewa) ya silinda ya 3, ilikuwa imeshuka 19. Nikaibadilisha palepale, na nilipoigeuza kwenye mwanga nikaona mstari mwembamba kwenye koili ya pili kutoka chini.