Geji ya dizeli ikilala, usikimbilie floti

Geji ya mafuta kwenye Hilux yangu ya zamani, yenye injini ya dizeli aina ya 3L, ililala kwenye E asubuhi moja na haikuamka tena. Fundi niliyemwita hakuinama hata kuchungulia chini. "Floti hiyo," akasema, yaani kile kifaa cha ndani ya tenki kinachopima mafuta, nikaenda dukani. Nilishusha tenki nyumbani, nikafunga floti mpya, nikaweka swichi: geji imelala vilevile. Kumbe waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye chuma cha gari, ulikuwa umeliwa na kutu pale unapofungwa kwenye chesisi. Kipande cha msasa na skrubu moja vingemaliza kazi.

Siku hizi mtu akiniambia anataka kubadilisha floti mwenyewe, namuuliza kwanza amepima nini. Wengi huwa hawajapima chochote, wanategemea maneno ya mitaani kama haya yafuatayo.

"Geji haisomi, basi floti imekufa"

Ndani ya tenki kuna boya, mkono wa waya, na kigusio kinachotambaa juu ya kibao chembamba cha ukinzani. Mafuta yakipanda, boya linapanda, ukinzani unabadilika, na geji inasoma badiliko hilo. Lakini kati ya boya na dashibodi kuna soketi, waya, fyuzi, ethi na geji yenyewe, na kimojawapo kikikatika dalili ni ileile.

Kwenye Toyota nyingi za zamani unaweza kupima kabla ya kugusa spana. Chomoa soketi ya floti, weka swichi. Sindano ibaki chini. Kisha unganisha waya wa geji na chuma safi cha chesisi kupitia balbu ndogo ya dashibodi, ile ya wati 3.4. Sindano ikianza kupanda kuelekea F, geji na waya wake ni wazima, na hapo ndipo uanze kuishuku floti au ethi yake. Isipopanda, tenki lako halina kosa, liache. Magari mapya ambayo taarifa ya mafuta hupitia kwenye kompyuta usiyafanyie mchezo huu. Yanapimwa kwa mashine.

Floti yenyewe nayo hupimika. Ukiishika mkononi, weka mita ya umeme kwenye omu, kipimo cha ukinzani, na upandishe mkono wake polepole. Namba ziteleze bila kuruka. Zikiruka, kibao kimechimbika. Tikisa boya karibu na sikio pia: ukisikia dizeli ikicheza ndani, limepasuka, na boya lililojaa mafuta haliwezi kuelea.

"Floti ni floti, yoyote ikiingia inafaa"

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea. Toyota nyingi za zamani zinatumia floti ya takriban omu 110 tenki likiwa tupu na omu 3 likijaa. Floti nyingi za VDO, chapa ya Ulaya, huenda kinyume: omu 10 tenki likiwa tupu, 180 likijaa. Ukiifunga hiyo kwenye geji ya Toyota kwa sababu matundu ya skrubu yamelingana, tenki likikauka geji itakuonyesha karibu umejaza. Utajua ukweli gari likizimika njiani, na dizeli ikiisha kabisa si suala la kumimina lita tano na kuondoka. Injini imevuta upepo, yaani hewa imeingia kwenye mabomba ya mafuta.

Kwa hiyo nenda dukani na floti ya zamani, na mita mfukoni. Muuzaji akikataa upime, tafuta duka jingine.

"Dizeli haiwaki"

Inawaka. Mvuke wake hauanzi kushika moto mpaka dizeli ifike kama nyuzi 55 au zaidi, wakati petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi kali. Tofauti hiyo ndiyo inayowapa watu ujasiri wa sigara. Lakini dizeli inayorudi tenkini kutoka kwenye injini huwa ya moto, na tambara lililolowa dizeli huwaka kwa urahisi kuliko dizeli iliyo kwenye ndoo. Toa terminali hasi ya betri kabla ya kufungua. Na tenki lisichomelewe eti kwa sababu limekauka: masalia ya dizeli yakipata joto la kuchomelea hugeuka mvuke, na tenki tupu lina nafasi tele ya mvuke huo kujaa.

"Kufungua ni dakika tano"

Inategemea gari. Saluni nyingi zina kifuniko chini ya siti ya nyuma. Unanyanyua siti, unaiona floti. Pikapu kama yangu tenki linaning'inia kwenye chesisi chini ya bodi, kwa hiyo unalishusha au unanyanyua bodi. Lita 40 za dizeli zina uzito wa kilo 33 hivi, bila tenki lenyewe, kwa hiyo punguza mafuta kwanza.

Kinachochukua muda hasa ni kusafisha. Juu ya tenki la gari lililozoea barabara za vumbi kuna keki ya udongo na dizeli iliyokauka. Piga brashi, pangusa, piga brashi tena. Chembe zikidondoka ndani zitaishia kwenye filta. Pete ya plastiki inayoshikilia floti usiigonge kwa bisibisi na nyundo, itapasuka. Tumia kipande cha mti, zunguka nayo pole pole.

Silikoni badala ya mpira wa kuziba? Hapana. Silikoni ya kawaida hulainika kwenye mafuta, vipande vinadondoka na kwenda kuziba chujio la bomba la kunyonya. Nunua mpira mpya.

"Lazima utoe upepo ukimaliza"

Kama floti imekaa peke yake na hukufungua bomba lolote, hakuna upepo ulioingia. Washa gari. Ikiwa imeungana na bomba la kunyonya na la kurudisha, weka alama kabla ya kuchomoa, halafu ukimaliza piga pampu ya mkono juu ya filta mpaka iwe ngumu. Gari lenye pampu ndani ya tenki, weka swichi na kuzima mara kadhaa kabla ya kupiga stata. Ule utaratibu wa zamani wa kulegeza nati za bomba za nozeli usiupeleke kwenye injini ya komoni reli, ile ambayo nozeli zote hulishwa na bomba moja la presha kubwa: presha yake hupita baa 1,000, na dizeli ya namna hiyo hupenya ngozi.

Mwisho, usipinde mkono wa floti mpya eti geji haijafika. Geji nyingi za zamani hupanda taratibu, dakika nzima au mbili. Mimina dumu la lita 20, weka swichi, kaa utulie kwenye siti uiangalie.