Udongo wa serpentini na mimea inayoishi humo

Ukipanda kutoka Nairobi kuelekea Limuru, mashamba ya chai yanaanza mapema. Chai hupenda udongo wenye tindikali. Tindikali ikizidi, aluminiamu iliyomo ardhini huyeyuka na kuumiza mimea mingi: mzizi wa mhindi unanenepa nchani, unadumaa, na hauyafikii maji ya chini. Chai haijali. Huifyonza aluminiamu na kuilimbika majanini, hasa kwenye yale makuukuu ambayo mchumaji hana haja nayo, kwa kuwa yeye anatafuta majani mawili na kichipukizi.

Udongo wa serpentini ni mtihani mkubwa zaidi. Hutokana na miamba ya kijanikijani ambayo asili yake ni chini ya sakafu ya bahari. Una magnesiamu tele na kalsiamu kidogo, metali za nikeli na kromiamu zimejaa, halafu nitrojeni, fosforasi na potasiamu ni haba. Sumu na njaa kwa pamoja.

Mimea ya huko mingi ni mifupi, yenye majani madogo, na haina haraka ya kukua. Mingine huizuia nikeli mizizini isipande juu. Michache hufanya kinyume kabisa, huivuta na kuihifadhi. Mti wa Pycnandra acuminata wa kisiwa cha New Caledonia ukichanjwa hutoa utomvu wa rangi ya buluu-kijani, na utomvu huo ukikauka, karibu robo ya uzito wake ni nikeli. Mdudu wa kuula mti kama huo lazima awe na tumbo la chuma.

Mkulima wa Kiambu akiuona udongo huo atauliza samadi iko wapi. Lakini kuurutubisha ndiko kuuharibu. Karibu na San Jose, California, nitrojeni kutoka moshi wa magari ilitua kwenye mbuga za serpentini ikawa mbolea ya bure. Nyasi za kigeni, ambazo zamani zilishindwa na njaa ya pale, zikashamiri na kukifunika kimmea kifupi cha Plantago erecta, chakula cha viwavi wa kipepeo adimu. Wapenda mazingira walikuwa wamewaondoa ng'ombe sehemu nyingine ili kulinda mbuga, na huko ndiko vipepeo walikotoweka. Mahali ng'ombe walipobaki, walizila nyasi hizo, na vipepeo wakaendelea kuwepo.