Nicodemus, Kansas: “Walipewa Mji Wakashindwa”, na Mengine Niliyochoka Kuyasikia

Tulikuwa tumeshapanda gari kuondoka Nicodemus, mji mdogo wa jimbo la Kansas, Marekani, uliojengwa na weusi waliotoka utumwani. Mgeni wangu, diwani kutoka nyumbani, akageuka kuutazama mji kwa mara ya mwisho: majengo matano ya zamani, nyumba chache, nyasi. “Unaona bwana,” akasema, “wenzetu walipewa mji wakashindwa kuuendesha.” Maneno hayo nimeshayasikia kwa Watanzania, Wakenya na Wakongo. Siku hiyo nilizima gari.

Nani aliwapa? Mwaka 1877 wanaume weusi sita na mzungu mmoja, W. R. Hill, waliunda kampuni ya kuanzisha mji na kutafuta walowezi. Walioitikia walitoka Kentucky, watu waliokuwa na miaka 12 tu tangu watoke utumwani. Tangazo lililosambazwa Lexington lilitaka dola 5 kwa kila aliyependa kuhamia Kansas. Willianna Hickman, aliyefika mwaka uliofuata, alisimulia baadaye jinsi wenzake walivyoshangilia kwamba Nicodemus ile pale, naye akatazama asione nyumba. Aliona moshi ukitoka ardhini. Watu walikuwa wakiishi kwenye mashimo waliyochimba wenyewe, kwa kuwa uwanda ule hauna miti ya kujengea. Mama wa watu akalia.

Miaka kumi baadaye mji ulikuwa na benki, hoteli, makanisa, shule na magazeti mawili. Ulichokosa ni reli, na kule ngano bila reli ni mzigo wa kuhangaika nao kwa mkokoteni. Sasa sikiliza hili, diwani, maana ndiyo kazi yako: Machi 1887 wapiga kura wa taunshipu (kitengo kidogo cha utawala ndani ya kaunti) ya Nicodemus waliidhinisha hatifungani za dola 16,000 kuivutia kampuni ya reli ya Missouri Pacific. Walikubali kujibebesha deni hadharani, kwa kura, nalo lingelipwa kwa kodi ya mashamba yao. Nioneshe halmashauri ngapi zenye ujasiri huo.

Reli haikuja. Mwaka 1888 Union Pacific ilipita ng'ambo ya mto Solomon, kilomita chache tu, na mji mwingine, Bogue, ukaota kando yake. Wenye maduka wakavuka mto kufuata wateja. Mwaka huohuo makao makuu ya kaunti ya Graham yakaenda Hill City, mji wa Hill yuleyule aliyewauzia watu ndoto ya Nicodemus. Uamuzi wa mahali reli ipite haukuwa mikononi mwa watu wa Nicodemus, kwa hiyo neno “walishindwa” silipokei.

Halafu kuna suala la meya. Mgeni mmoja alibeba kitenge kizuri amkabidhi, kama ambavyo kwetu huingii kijijini bila kupita kwa mwenyekiti. Hakuna meya, wala hajawahi kuwapo. Nicodemus haikuwahi kusajiliwa kuwa manispaa. Katika Kansas, taunshipu huongozwa na watu watatu wa kuchaguliwa: mdhamini, karani na mhazini. Juu yao wapo makamishna wa kaunti, nao huchaguliwa, hawateuliwi kutoka juu kama wakuu wetu wa wilaya. Kitenge alipewa bibi mmoja wa pale, akakifurahia kuliko meya yeyote. Ushauri wangu kwa mji wowote mdogo wa Marekani: ulizia kwanza barabara ya vumbi inatengenezwa na nani. Jibu litakuonesha madaraka yalipo.

Wapo wanaodai weusi wa zama zile walikuwa wasindikizaji tu kwenye siasa. Edward McCabe wa Nicodemus alikuwa karani wa kaunti ya Graham, kisha mwaka 1882 akachaguliwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima, akarudi tena mwaka 1884. Wengi wa waliompigia kura walikuwa wazungu.

Na kwamba kilikuwa kijiji cha ujamaa? Hapana. Kila familia ilikuwa na shamba lake.

Jina nalo kila mlokole hulipeleka kwenye Yohana 3, kwa Nikodemo wa Biblia. Simulizi la mji humtaja mtumwa mwenye jina hilo aliyejinunulia uhuru wake mwenyewe.

Mwisho, “si makumbusho ya serikali siku hizi?” Ni eneo la kihistoria la taifa tangu 1996, sawa, ila watu wanaishi humo. Sensa ya 2020 ilihesabu 14. Posta ilifungwa mwaka 1953, kwa hiyo usitafute stempu. Njoo mwishoni mwa Julai, wajukuu wanaporudi kutoka kila upande wa nchi na mji ukajaa. Na jaza mafuta Hill City kabla hujafika.